Sisi Hatuchapi Matunda

Chelangat,

Mama yako tulimpoteza Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka jana, alfajiri, kabla wachumaji hawajaingia kwenye chai. Uso wake tuliupoteza Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, jioni, ndani ya duka letu pale Kapkatet, na huo sikuupoteza pamoja na mtu. Niliupoteza mimi, kwa mashine niliyoichagua mimi. Tangu siku hiyo mimi na wewe tunaongea kama wapangaji wawili. "Chakula kiko." "Nimefunga mlango." "Karatasi zimeisha."

Kesho unakwenda Kisumu kufanya kazi kwa watu. Mimi kesho natakiwa kulipia printa mpya ya rangi, ama nisilipie na nifunge duka. Wauzaji wameshikilia bei mpaka kesho mchana, basi. Kuna jambo moja kuhusu hiyo printa ambalo mimi siwezi kuliamua, na aliyebaki anayeweza ni wewe peke yako. Ndiyo sababu naandika. Ningekuambia kwa mdomo, lakini tukianza kwa mdomo tutafika pale pale tulipoachia kaburini. Wewe utaingia chumbani, na mimi nitatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, na kanisa, na vijana wa mjini. Hiyo zamu ameishika shangazi yako tangu mchana. Nilimsikia jikoni akikufundisha mpaka jinsi ya kuanika soksi. Mimi nitakuandikia kazi ninayoijua, nayo ni kuchagua mashine, na jinsi mtu anavyoweza kujua hesabu yote na bado akakosea.

Wewe ulinikuta na duka. Hukunikuta chini ya mwavuli. Nilianza na fotokopia moja ya mtumba kando ya barabara ya hospitali, nikitoa nakala za vitambulisho, na mvua ikija naifunika mashine kwanza, halafu karatasi, halafu mimi. Kabla ya hapo nilichuma chai ya wengine. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu mahali. Mtu aliyepanda hivyo, akishapanda kidogo, anaanza kuamini kwamba ni hesabu ndiyo iliyomlea. Anasahau kwamba nyuma ya mwavuli kulikuwa na mwanamke aliyekuja na uji, na chenji, na blanketi la kufunikia hiyo fotokopia.

Kilichotukuza ni programu za mazishi, na hilo unalijua kuliko mimi kwa sababu mkono wako ndio uliozipanga. Zamani watu wa huku walizika na karatasi moja nyeusi na nyeupe, ama bila. Halafu kila nyumba ikataka kijitabu: picha ya marehemu ya rangi kwenye kava, historia yake ndani, nyimbo, watoto na wajukuu nyuma. Familia inaweza kugombana kuhusu shamba, kuhusu ng'ombe, kuhusu nani atasimama kuongea, lakini kwa kava wanakubaliana. Wakishazika, kile kijitabu kinawekwa kabatini na hakitoki tena. Kwa mzee wa Siongiroi aliyepigwa picha mara moja maishani, ile ya kitambulisho, kava yetu ndiyo picha yake ya rangi ya kwanza na ya mwisho.

Umewavisha suti wazee wangapi kwenye ile kompyuta? Unamkumbuka yule gogo, yule bibi kizee aliyekuja na wajukuu kuangalia picha ya mumewe kabla hatujachapa? Akaitazama, akatutazama sisi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee wako, gogo," ukamwambia.

"Mzee wangu alifunga tai lini?"

"Tumemtengeneza tu, gogo, apendeze."

"Mtoeni hiyo kamba shingoni. Huko anakoenda hawatamjua, watamrudisha."

Mama yako alicheka mpaka akaketi juu ya maboksi ya karatasi. Gogo naye akacheka, na mzee wake yuko mochari. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia saa, maana kazi yenyewe ilikuwa nakala mia tatu na stima ilikuwa inayumba. Hayo ndiyo mambo ninayoyakumbuka sasa, kwamba watu walicheka ndani ya duka langu na mimi nilikuwa nahesabu.

Basi, ile mashine. Ilikuwa mwaka ule bonasi ya chai ilipokuwa nzuri. Mama yako alichukua bonasi yake yote, ya ile mistari ya chai aliyoachiwa na baba yake na aliyoichuma kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea mezani. Mimi nikaongeza mkopo wa Sacco. Asubuhi ya kwenda Nairobi aliniwekea pia bahasha kwenye mfuko wa koti. Ndani kulikuwa na picha ya baba yake, yule babu yako wa Siongiroi, mweusi, anacheka, meno mawili ya chini hayapo, ndewe za masikio zinagusa kola.

"Ukifika, waambie wamchape huyu kwanza," akasema. "Kabla hujatoa kitu."

Nikasema sawa.

Chumba cha yule muuzaji kilikuwa na vioo kila upande na zulia. Kijana mwenye tai akaniletea kiti, akaniletea chai ambayo, nikuambie ukweli, ilikuwa ya vumbi, ile ya daraja la chini, mimi niliyetoka kwenye chai yenyewe. Akawasha mashine. Zikatoka stroberi. Zikatoka papai lililokatwa, mbegu zinang'aa unadhani zina maji. Akatoka msichana wa kizungu ameshika maputo.

"Mzee, ona hiyo stroberi. Hapo si unaweza kuuma?"

"Inatoa ngapi kwa dakika?"

"Arobaini. Na haichoki, mzee. Wewe ndiye utachoka."

Mkono wangu uliingia mfukoni, Chelangat. Niliishika ile bahasha. Halafu nikawaza nitamtoa mzee wa masikio marefu mbele ya hawa watu wa zulia, na huyu kijana ataniangalia vipi. Nikauacha mkono ukarudi mtupu. Kwa aibu hiyo ya dakika moja nilimkana baba mkwe wangu, na nilikana kazi yetu yote. Mashine zinauzwa kwa matunda. Sisi hatuchapi matunda. Sisi tunachapa watu, na wengi wao wamekufa, na hawatachapwa tena.

Badala yake nilitoa kalamu. Kulikuwa na mashine mbili. Ile moja, ukijumlisha tona na vipuri, ukurasa wa rangi ulikuwa shilingi kumi na moja. Hii ya stroberi, shilingi nane. Kwa kurasa elfu tisa za mwezi, hiyo tatu ni elfu ishirini na saba. Nani anaacha elfu ishirini na saba mezani kila mwezi? Nilijiona mwerevu njia nzima mpaka Kapkatet.

Mama yako aliona siku ya kwanza. Ngozi yetu, unajua, haina rangi yake ndani ya mashine. Inatengenezwa kwa kuchanganya rangi zote nne, na ile nyeusi ikizidi kidogo tu kwenye kivuli cha shavu, mtu anakuwa jivu. Alichukua kava akaenda nayo mlangoni, kwenye mwanga.

"Baba Chelangat, huyu mzee amekuwa wa kijivu."

"Wewe unajua nini kuhusu mashine?" nikamwambia. Mbele yako. Mbele ya mteja pia. "Hii ni mashine ya karibu milioni."

Akairudisha kava mezani. Alhamisi iliyofuata nikamwona anaangalia tena, nikamwuliza kuna nini sasa, akasema, "Hapana. Zikikauka zitakuwa sawa."

Zikikauka! Tona haikauki. Tona ni unga, inayeyushwa kwa moto ndani ya mashine na inatoka ikiwa imemaliza. Mimi mtu wa fotokopia tangu ujana, mtu aliyepumua unga wa tona mpaka makohozi yakawa meusi, niliambiwa zikikauka zitakuwa sawa nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Na kweli, Ijumaa nilikuwa nikiishika programu iliyomalizwa, imekunjwa, imepigwa pini, naangalia uso uliopo kwenye kava, uso una damu, una joto, nasema moyoni: mashine ni mashine.

Kukunja na kupiga pini ilikuwa kazi yenu, wewe na yeye. Mimi niliwaachia nikaenda nyumbani kukamua.

Na hakuna mteja aliyelalamika. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikamata vizuri. Huku kwetu nani anagombana na mchapishaji wakati mwili haujazikwa? Na ukishazikwa, nani atarudi kubishana juu ya sura ya marehemu? Ni kama kumfukua. Kwa hiyo nikajua ukimya ni sifa. Kumbe katika biashara ya mazishi ukimya si kitu chochote, ni ukimya tu.

Halafu ikawa zamu yake. Presha, hospitali, Jumanne, ikaisha. Sitaandika hiyo, tulikuwa wote.

Alhamisi tukachapa. Ulichagua ile picha ya harusi ya binamu yako, ana kitambaa cha kijani kichwani, ameangalia dirishani, amebakisha kidogo kucheka. Ulipanga usiku mzima na hukulia mpaka ulipomaliza. Nikawasha mashine, ukasimama kati yangu na mashine.

"Baba, si kava tupeleke kwa Kamau, Kericho."

"Kwa Kamau kufanya nini?"

"Wachape huko tu. Hizi za ndani tuchape hapa."

"Mama yako hatachapwa na Kamau. Mama yako atachapwa na bonasi yake."

"Baba, tafadhali."

"Toka hapo, Chelangat."

Ukatoka. Nilichapa nakala mia tano. Nilizichapa mwenyewe, nikazikunja mwenyewe, sikutaka mtu aziguse. Chini ya ile taa ya dukani sikuona kitu, ama macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Niliona Jumamosi, nyumbani, ukungu ulipoinuka na jua likaingia chini ya hema. Watu mia tano wameketi, na kwenye magoti ya kila mtu kuna mwanamke wa majivu. Nikatafuta mke wangu kwenye safu zote za viti na hakuwepo hata kwenye goti moja.

Kamau alipanga foleni kama wengine kunipa mkono. Unamjua Kamau, ni mtu wa heshima, baba yake alikuja Kericho na cherehani moja kutoka Nyeri. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Baba Chelangat. Huyu mama alikuwa mtu wangu wa Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Si zile kava? Miaka mitatu, hakukosa. Anakuja na huyu msichana na flashi. Ananiambia, 'Kamau, nichapie mtu anayepumua.' Mpaka na mimi nimekuwa nikiwaambia vijana wangu hivyo, chapa mtu anayepumua." Akaangalia programu aliyoshika, akaangalia uso wangu, na nikaona ameelewa kwamba mimi nilikuwa sielewi. "Pole," akasema tena, sauti chini, akaenda.

Shilingi ishirini kwa kava. Kava mia tatu kwa kazi moja. Elfu sita za maziwa na majani ya chai, karibu kila wiki, ili mume wake asijue kwamba alinunua upuzi. Na zile kava za majivu alizichoma jikoni, sasa najua, maana hakuna mtu wa kwetu anayeweza kutupa uso wa marehemu kwenye shimo la takataka. Nilikuwa nikiuliza mbona jikoni Alhamisi kunanuka plastiki. Ananiambia ni mfuko wa mbolea.

Kila marehemu wa Kapkatet alikuwa na mtu wa kumpeleka Kericho akapewe uso wake. Yeye hakuwa na mtu, kwa sababu mtu wa kupeleka ndiye aliyekuwa amelala.

Sasa nikuambie kosa langu la pili, ambalo ni kubwa. Jioni ile, shangazi zako wapo, wachungaji hata hawajamaliza chai, nikakuita kaburini nikasema, "Wewe na mama yako mlinifanya mtoto mdogo." Na wewe ukasema, "Mama alisema usiambiwe. Alisema utavunjika." Nikasema afadhali ningevunjika. Ukasema, "Haya Baba, sasa umevunjika, umefurahi?" Shangazi yako akakuvuta mkono. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana tuliyoongea, na udongo ulikuwa haujakauka.

Nimeyabeba hayo maneno mwaka na zaidi. Nimeyageuza kama mtu anayetafuta faida kwenye kazi ya hasara. Na nitakuambia bila kuficha: bado nina lalamiko. Sikulaumu kwa kunijibu, hapo ulikuwa na haki. Nakulaumu kwa ile miaka mitatu. Fundi wa Nakuru alikuja baada ya mazishi, akaifungua mashine, akaniambia ingeletwa mwaka wa kwanza angeirekebisha rangi, si kazi ngumu. Sasa vipuri vyake havitengenezwi tena. Mngeniambia! Ningepiga kelele siku mbili. Ningelala na nguo kwa hasira. Siku ya tatu ningempigia fundi. Na mama yako angenicheka kwa ajili ya stroberi mpaka tuzeeke, kila mgeni akija angesimuliwa, na mimi ningekaa pale nimeinamisha kichwa na ningekuwa mtu tajiri kuliko wote Bureti. Hiyo ndiyo mliyoninyima. Aibu ya kuchekwa na mke wangu akiwa hai.

Lakini nikifika hapo hesabu inanirudia. Nani aliyemfundisha kunyamaza? Ni yule aliyemwuliza mbele ya mteja anajua nini kuhusu mashine. Kwa hiyo lalamiko langu kwako ni halali, ila si kubwa kama nilivyolibeba.

Huko Kisumu utakuwa na bosi. Siku moja atakuwa na mashine mbaya anayoipenda. Sikuambii umwambie ama umfiche. Mimi sina sifa ya kukufundisha hilo. Nakuambia tu nilichokiona: huruma ya mama yako iliniokoa kila Alhamisi, na ilinimaliza Alhamisi moja.

Wiki mbili zilizopita, ulipofikiri nimekwenda kuona daktari wa ng'ombe, nilikwenda Nakuru. Siku mbili baadaye nikaenda Nairobi, kwa muuzaji mwingine, si yule wa zulia. Nilikuwa na flashi, na ndani yake ile picha ya kitambaa cha kijani. Safari hii sikukubali chai wala matunda. Kote kuwili niliwaambia: chapeni huyu. Chapeni mara mia mbili mfululizo, mimi nitalipia karatasi, na nataka ile ya mwisho, si ya kwanza. Maana ya kwanza kila mashine inajitahidi, ni kama bwana harusi. Mashine ikishapata moto, ikifika mia moja na hamsini, ndipo inaonyesha tabia.

Hesabu zake ni hizi. Ya Nairobi imetumika ng'ambo, laki saba na tisini na mbili elfu. Ukiigawa kwa miaka mitatu ni elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na tona na vipuri shilingi tano kwa ukurasa. Kwa kurasa zetu elfu tisa jumla inafika sitini na saba elfu. Ya Nakuru ni mpya, milioni moja laki moja na themanini na nane elfu. Hiyo ni thelathini na tatu elfu kwa mwezi, na mkataba wa shilingi sita kwa ukurasa, tona ndani, fundi ndani, anafika siku hiyo hiyo. Jumla themanini na saba elfu. Tofauti ni elfu ishirini. Yule mtu wa zamani, yule wa kalamu, angekuwa amelipia ya Nairobi jana.

Lakini kazi moja ya mazishi ni nakala mia tatu kwa shilingi themanini, elfu ishirini na nne. Mashine isiyo na fundi ikilala Alhamisi moja tu kwa mwezi, ile elfu ishirini imekwisha na elfu nne juu yake. Na ukungu wetu unailegeza karatasi mpaka inajikunja na kukwama ndani, hiyo nayo ihesabu. Ongeza laini ya stima na kifaa cha kuzuia radi, ambavyo ya Nairobi haiji navyo, utaona ya bei rahisi inapanda mlima. Kwa hiyo kwa hesabu zinakaribiana, unaweza kwenda huku ama kule. Sacco wamekubali zote mbili. Hapo sikuhitaji.

Ninakuhitaji kwa hili. Yule dada wa Nakuru alipomaliza kuchapa, alitoa karatasi akaiweka kwenye meza mbele yangu, na alikuwa mtu mpole, anaijua kazi. Akaniuliza, "Mzee, huyu mama ni mteja?"

Nikasema ndiyo.

"Amependeza. Sasa niambie, ngozi yake ni hivi kweli, ama ni mweusi zaidi kidogo? Ama ana wekundu hapa kwenye shavu? Naweza kurekebisha, lakini lazima mtu aniambie."

Chelangat, sikujua.

Miaka ishirini na sita. Namjua kwa kikohozi, namjua kwa hatua zake akiwa amevaa gambuti, namjua anavyopumua akiwa amekasirika na anajifanya amelala. Lakini nilikuwa natoka nyumbani kabla ya jua na kurudi taa zimewashwa, na dukani nilikuwa naangalia karatasi. Niliulizwa mke wangu alikuwa wa rangi gani mchana, na mimi mwenye duka la rangi sikuwa na jibu. Nikamwambia nisubiri, nikaenda nje kwenye ngazi. Nilikaa huko mpaka askari wa mlango akaniuliza kama nataka maji.

Yule wa Nairobi hakuuliza. Alichapa tu.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Ni yeye, mara mbili. Hazifanani, hata mimi naona hazifanani, lakini sioni ipi ni ya kweli. Moja ina joto zaidi, nyingine imekaa kimya zaidi. Nyuma ya moja nimeandika A, nyuma ya nyingine B, na sikuambii ipi ya wapi wala ya bei gani, maana wewe ni mtoto wangu na utaanza kunihurumia mfuko. Wewe ulikaa naye mchana. Ulichuma naye, mlianua nguo pamoja, mlipanda kwenda Kericho mkiwa na jua usoni na siri yenu. Wewe unajua.

Usiziangalie hapa nyumbani. Taa yetu ni ile ile iliyonidanganya. Ukifika Kisumu, kabla hujaenda kuripoti, simama nje mahali penye mwanga uziangalie. Ukitaka kulia, lia kwanza, halafu futa macho, halafu angalia.

Sikuombi ubaki. Kama ungebaki ungebaki kwa huruma, na nyumba hii imeshaona huruma inavyofanya kazi. Nenda. Umesoma, una jicho, na watu wa Kisumu wamepata kitu ambacho mimi nilikuwa nacho bure miaka minne nikakiita msaidizi. Nasema tu kwamba kesho asubuhi nitafungua duka na hakutakuwa na mtu wa kunizuia mbele ya mashine.

Hatutarudia programu yake. Waliozika wamezika. Lakini mtu mwingine atakufa wiki hii, na wiki ijayo, na watakuja na picha ya kitambulisho, na mimi sitamchapa tena mtu majivu. Kama kati ya hizi mbili hakuna iliyo yeye, niandikie HAKUNA, nitarudisha mkopo, nitafunga mlango, na sitakuuliza mara ya pili.

Saa saba nitakuwa benki. Nataka jibu lako kwenye simu kabla ya saa sita. Usiniandikie "vile utaona, Baba," wala usiniambie zote ni nzuri. Umeshanificha vya kutosha, na mimi nimeshakunyamazisha vya kutosha. Herufi moja tu.

Mama yako ni yupi, Chelangat? A ama B?

Baba yako